Nusu Kilo ya Sukari kwenye Jiwe la Bi Sikudhani

Nchi yetu ni nchi ya furaha. Ukikutana na mtu anayekwambia vinginevyo, muulize kibali chake, maana kwetu huzuni huombewa kibali, nacho hutolewa kwa siku tatu tu, siku tano kwa wafiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikivigonga muhuri vibali hivyo katika kata yetu, kwa hiyo nasema ninachokijua. Naitwa Hemedi Chitanda, karani wa kata, miaka kumi na tisa kazini, na sijawahi kujiombea kibali hata kimoja.

Natanguliza hayo ili msomaji asije akadhani nina kinyongo. Sina. Baada ya mambo haya kutokea nilijipapasa kifuani siku kadhaa nikikitafuta, nikakuta vifungo vya shati tu. Nasimulia kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu mwandiko wangu unasifiwa.

Kila Jumamosi, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, wananchi wote tunaburudika kwa mujibu wa sheria. Maofisa wa Wizara ya Burudani hupita nyumba kwa nyumba na vipenga. Ukikutwa unafua, unaonywa. Ukikutwa umelala unaonywa vilevile, kwa kuwa usingizi uko chini ya Wizara ya Afya. Inatakiwa ucheze. Mahali pa kuchezea ndipo palipokuwa na shida kidogo, maana viwanja vyote vya serikali vilikuwa vimekwisha kujengwa ofisi za Wizara ya Burudani. Basi watu wakawa wanakwenda kuchezea mashambani mwa wenzao, na katika kata yetu shamba lililopendwa kuliko yote lilikuwa la Bi Sikudhani Mapande.

Bi Sikudhani alikuwa mjane wa miaka sabini na ushei. Shamba lake halikuzidi ekari mbili, na katikati yake lilikuwepo jiwe kubwa, limelala ubavu, upande mmoja laini kwa sababu ya makalio ya vizazi vingi. Watoto walikalia magome ya mgomba, wakashuka kwa kelele mpaka kwenye mchanga, wakapanda tena. Wakubwa nao walishuka, hasa Jumamosi, wakisukumwa na vipenga. Yeye hakumfukuza mtu. Nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye jiwe, lilikuwepo kaburi la binti yake wa pekee, Havijawa, aliyeondoka na homa akiwa na miaka tisa. Havijawa alikuwa bingwa wa jiwe lile.

Nilimgongea bibi huyu kibali cha siku tano, zamani hizo nikiwa mgeni kazini. Siku ya sita nilipokwenda kuhakikisha kuwa ameacha huzuni, nilimkuta kakaa barazani anawatazama watoto wa watu wakiteleza. Nikamuuliza kama hawamsumbui.

"Wakinyamaza hao, mwanangu," aliniambia, "ndipo nitakapojua kuwa nimebaki peke yangu."

Nikaandika kwenye fomu: ameacha.

*

Sasa ikatokea katika wilaya nyingine mtu akaanguka kutoka kwenye bembea ya jirani yake, akavunjika mkono, na jirani akashitakiwa. Habari zikasambaa. Wenye mashamba wakaanza kukata bembea, kufukia visima vya kuogelea na kulima viwanja vya mpira. Mtu mmoja alilala katikati ya uwanja wake kila Jumamosi ili pasipatikane nafasi ya kupiga chenga. Serikali yetu, ambayo ina huruma hata ikiwa safarini, ikatunga Sheria ya Ardhi ya Furaha. Ilisema jambo moja zuri: mwenye ardhi anayewaachia watu wacheze kwake bila malipo, hatalaumiwa wakiumia.

Ili wananchi waielewe, Naibu Waziri wa Burudani, Mheshimiwa Tindwa Kalulumo, alipangiwa kuizindua kwenye jiwe la Bi Sikudhani.

Mimi nilitumwa siku hiyo asubuhi nitangulie kumwarifu mwenyeji. Njiani nikapita dukani kwa Mzee Farijala nikanunua sukari nusu kilo. Hakuna aliyenituma sukari. Ila kwetu mtu haingii nyumba ya mwenzake mikono mitupu; utabeba sukari, au majani ya chai, au kipande cha sabuni, hata kama unakwenda kumpelekea barua ya kumfukuza. Mama yangu alinifunza hivyo kwa upande wa kanga na kwa upande wa fimbo. Mzee Farijala akachana karatasi, akaifunga sukari, akanikabidhi. Alikuwa akifungia bidhaa zake kwa Gazeti la Serikali, kwa kuwa ni karatasi nzito na hakuna mteja anayechelewa dukani akilisoma.

Bi Sikudhani alipokea kwa mikono miwili. Alisema sikuwa na haja ya kujisumbua, kama inavyotakiwa kusemwa, kisha akaingia jikoni kuteleka maji. Msafara wa magari kumi na moja ulipofika, kila mjumbe alipata chai. Mwanasheria wa Wilaya, Bwana Lwambano, alikunywa vikombe viwili, akasema haijapata kutokea chai kama ile.

Kisha kikashushwa kiti. Kamati Ndogo ya Ukaaji ilikuwa imekutana mara nne na kuamua kuwa Mheshimiwa hawezi kukalia gome la mgomba mbele ya wapiga kura. Kwa hiyo kililetwa kiti chake cha ofisini, chenye magurudumu matano na velveti nyekundu, kikapandishwa juu kabisa ya jiwe na vijana wanne wa usalama. Mpango ulikuwa kwamba Mheshimiwa akae, apigwe picha akiwa kama mtu anayetaka kuteleza, kisha ashushwe kwa mikono.

Bi Sikudhani alitoka barazani na birika lake mkononi, akasimama kukitazama kile kiti.

"Mwambieni mwenzenu akae chini kama watu," alisema. "Jiwe hilo halijazoea kiti."

Ofisa wa Itifaki alimshukuru kwa maoni yake na kumwelekeza mahali pa kuyaandika.

Mheshimiwa akakaa. Akahutubia kwa dakika hamsini. Mengi nimeyasahau, ila hili nililiandika kwa sababu tuliambiwa tuliandike. "Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo hakuna mwenye ardhi atakayesumbuliwa kwa ajili ya mtu kuanguka. Anguko ni mali ya mwangukaji. Mimi nikianguka hapa leo, huyu mama hana kosa."

Tukapiga makofi. Mpiga picha akanyanyua kamera yake, akaona vijana wanne wa usalama wameshikilia kiti na wanaharibu sura ya picha, akawaomba wasogee kidogo. Wakasogea. Walikuwa vijana watiifu.

Kiti kilishuka vizuri tu mpaka katikati. Sisi tulikuwa bado tunapiga makofi, kwa maana ratiba iliandika makofi na haikuandika kitu kingine. Kilipofika mchangani magurudumu yakazama, kiti kikasimama, Mheshimiwa akaendelea.

Watoto ndio waliokimbia kwanza. Nyuma yao alikuja Bi Sikudhani. Alifungua kanga yake ya juu, akaichana vipande, akachukua magome ya mgomba mawili na kuufunga mguu wa Mheshimiwa, ambao ulikuwa umevunjika mahali pawili. Daktari alisema baadaye kuwa ulifungwa kitaalamu. Mheshimiwa alimshika mkono yule bibi, hakumwachia mpaka mlangoni mwa gari, akimwita mama. Hilo nililiona kwa macho yangu. Sikuliandika, maana halikuwa na nafasi kwenye fomu.

*

Wiki mbili baadaye ikaundwa Kamati ya Uchunguzi wa Anguko, mwenyekiti wake Bwana Lwambano, wajumbe wake wengi watu wa msafara uleule, mimi karani wake. Ilikaa chini ya turubai, palepale mbele ya jiwe. Swali lilikuwa moja: ardhi ile iliyomwangusha kiongozi ibaki kwa mwenyewe, au ichukuliwe na Serikali?

Kwanza kiti kilichunguzwa. Ilionekana ni mali ya umma, chenye utumishi wa miaka sita bila doa, kikapewa likizo ya siku kumi na nne. Vijana wa usalama walieleza kuwa walisogea kwa kutii. Mpiga picha akaonyesha picha, ikasifiwa. Jiwe liliitwa mara tatu kwa sauti kubwa. Halikujibu. Nikaandika kuwa limekataa kutoa ushirikiano.

Sikuwa na wasiwasi, na nadhani hata Bi Sikudhani hakuwa nao. Alikaa kwenye kigoda chake, kanga mpya begani. Sheria ilikuwa upande wake, na aliyeizindua alikuwa ametaja mbele ya umma kuwa huyu mama hana kosa. Bwana Lwambano naye alikiri kuwa jambo ni jepesi, inatosha kusoma sheria yenyewe na kwenda nyumbani. Akaiomba.

Hakuna aliyekuwa nayo. Nakala zote zilikuwa kwenye buti la gari la Mheshimiwa, na gari lilikuwa limempeleka uwanja wa ndege kwenda kutibiwa nje, likabaki kule kumsubiri. Kamati ikatazamana. Wengine wakaanza kukusanya kofia zao.

"Karatasi ya Serikali ninayo mimi," alisema Bi Sikudhani. "Ile aliyokuja nayo Hemedi, na sukari. Nimeitunza."

Akanyanyuka taratibu, akaingia ndani, akarudi nayo, ameikunjua na kuinyoosha kwa kiganja. Ilikuwa kweli ni sheria yenyewe, ukurasa wa kwanza, na chengachenga za sukari bado zimeng'ang'ania. Bwana Lwambano akavaa miwani akasoma kifungu cha pili: mwenye ardhi anayewaachia watu wacheze bila malipo, hatalaumiwa. Watu wakashusha pumzi. Bi Sikudhani akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jina la mwanawe likisomwa darasani.

Bwana Lwambano akaendelea na kifungu cha tatu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza ukurasa. Malipo, kilisema, ni kitu chochote ambacho mwenye ardhi amepokea kutoka kwa aliyekuja kwake. Hapo karatasi iliishia. Mzee Farijala alikuwa ameichana hapo.

Mwenyekiti akaigeuza karatasi, akaigeuza tena, akainusa.

"Mama, hii ilifungia nini?"

"Sukari, baba."

"Sukari ya nani?"

"Yangu. Kaniletea Hemedi."

"Ulimlipa?"

"Mgeni halipwi."

"Kwa hiyo ulipokea."

"Nilipokea," alisema Bi Sikudhani. "Kwa mikono miwili."

Kamati nzima ikanigeukia. Bwana Lwambano akaniuliza kama ni kweli nilimpa bibi huyu sukari asubuhi ya tukio, nikiwa mjumbe wa msafara, kabla ya Mheshimiwa kupanda jiwe. Nikasema ni kweli. Nikaongeza, kwa adabu, kuwa sukari hiyohiyo ndiyo Kamati iliyoinywa. Akanijibu kuwa Kamati ilikunywa chai, na kwamba chai haikutajwa kokote katika ukurasa ule. Nikayaandika hayo nayo. Mkono ulikuwa wangu, na mwandiko ulikuwa mzuri kama siku zote.

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, alisema karatasi imechanwa na huenda sehemu iliyobaki ina maneno mengine. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kuwa Kamati haiwezi kusoma kitu ambacho hakipo mbele yake, kwa kuwa ingekuwa ni ramli.

Uamuzi ukatolewa kabla ya saa sita. Ardhi ya Bi Sikudhani itawekwa chini ya uangalizi wa Serikali mpaka jiwe litakapoacha tabia yake. Mwenyewe atapewa makazi kwenye Nyumba za Usalama, ambazo zimejengwa mahali tambarare. Akaulizwa kama ana la kusema. Akauliza kama kaburi litakuwa ndani ya ua au nje. Wakapima kwa kamba. Likawa ndani.

Hakulia. Alikitwaa kigoda chake, akakipangusa, akamwomba mwalimu mstaafu amsaidie kukibeba.

*

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka na kwa mafanikio. Jiwe lilizungushiwa waya. Kila Jumamosi saa tatu, vipenga vinapolia, wananchi wa kata yetu hujipanga nje ya waya na kulitazama jiwe kwa saa mbili, wakiwa wamejaza fomu ya kukubali kuumia. Hakuna aliyeumia. Watoto husimama mbele kwa kuwa ni wafupi. Huwa hawasemi kitu.

Sukari iliyobaki ilihifadhiwa ofisini kwetu kama kielelezo, kwenye kopo. Wakaingia sisimizi. Nililazimika kuandika barua ya kueleza kuwa kielelezo kinapungua, nikajibiwa nihifadhi na sisimizi.

Na habari za hukumu zilipoenea nchini, watu wakaacha kubebeana vitu. Nani akubali kupokea sukari ambayo kesho itamtoa kwake? Mgeni akifika mlangoni sasa hunyanyua mikono yote miwili juu, viganja mbele, mwenyeji avikague avione vitupu, ndipo amkaribishe. Mwanzoni watu walicheka. Siku hizi hata shuleni watoto wanafundishwa. Kwenye misiba ndiko inakopendeza zaidi, kundi zima linakuja limenyanyua mikono.

Mimi nilitunukiwa cheti. Kiliandikwa kuwa bila ukarimu wangu, ukweli usingejulikana. Nikapandishwa cheo kuwa Ofisa Vielelezo, nikapewa meza yenye droo inayofungwa. Niliitundika ile heshima ukutani, nikakaa chini yake, nikasubiri kuona nitajisikiaje. Nikasubiri mpaka saa ya kutoka kazini.

Siku ya pili yake nilikwenda dukani kwa Mzee Farijala kununua kiberiti. Sikumuuliza kitu. Alikuwa amekwisha kuisikia habari, akaniambia ile karatasi anaikumbuka, nusu ya chini alifungia ndimu mbili na bado iko, mteja hakurudi. Akainama chini ya meza akaitoa. Akanipa bure, maana kwake ilikuwa takataka.

Niliisoma nimesimama pale pale. Kifungu cha tatu kiliendelea hivi: "lakini haitahesabika kuwa malipo zawadi ndogo ya desturi anayokuja nayo mgeni, kama vile sukari, majani ya chai, sabuni, au kanga moja."

Sukari waliitaja kwanza kabisa. Aliyeiandika sheria ile lazima naye alikuwa na mama.

Niliikunja mara nne nikaitia mfuko wa shati. Nilikuwa nimepanga kuipeleka kwa Bwana Lwambano siku ileile. Kisha nikawaza nitaipeleka kesho, kwa sababu ilikuwa inanuka ndimu. Kesho yake ukafika ujumbe wa kukagua meza yangu mpya. Baadaye ikawa ni wiki, na mtu akichelewesha karatasi wiki nzima itabidi aeleze kwa nini, na kueleza kuna fomu yake, na fomu hiyo huipokea mimi. Najua ni makosa. Nalisema wazi: nilijua siku ile, najua leo. Lakini kujua ni kitu kimoja, na mguu kunyanyuka ni kingine.

*

Jumamosi moja, burudani ilipokwisha saa tano, nilikwenda Nyumba za Usalama. Ziko sitini, zote sawa, sakafu sawa, hakuna ngazi wala kizingiti. Nilimtambua Bi Sikudhani kwa kigoda, kilikuwa nje ya mlango wake. Mwenyewe alikuwa ndani, kakaa kitandani, uso kaelekeza dirishani. Nje ya dirisha ulikuwepo ukuta.

Nikasimama mlangoni, nikapiga hodi, nikanyanyua mikono yote miwili.

Alitazama viganja vyangu, cha kulia na cha kushoto, kama anayevisoma.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Shusha mikono. Hapa hapana kilichobaki cha kuchukuliwa."

Nikaingia. Akatia maji kwenye sufuria, akapiga kiberiti. Niliuliza habari za hapo, akasema ni salama. Niliuliza kama anapata usingizi, akasema usingizi upo mwingi kuliko anavyouhitaji. Kisha akaniuliza kama watoto bado wanakwenda kwenye jiwe. Nikasema wanakwenda, kila Jumamosi, wengi.

"Wanapiga kelele?"

Ningeweza kumdanganya. Nikasema wanasimama tu.

Akaitikia kwa kichwa. Akamimina chai vikombe viwili, akanisogezea kimoja, akasema nimwie radhi, haina sukari, siku hizi hakuna anayemletea na yeye hathubutu kununua, asije akaulizwa ameipata wapi.

"Ile yako ilikuwa nzuri," alisema. "Ilikuwa nyeupe, haina mchanga."

Niliinama kuchukua kikombe, na pembe ya ile karatasi ikachomoza kwenye mfuko wa shati. Akaiona. Macho yake hayakuwa yamezeeka kama mwili wake mwingine. Akainyoshea kidole, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukalainika.

"Umenifichia sukari, Hemedi?"

Nikairudisha ndani kwa kidole kimoja, nikafunga kifungo cha mfuko.

"Hapana, bi mkubwa," nilisema. "Ni karatasi tu. Haina kitu."

Akasema si neno. Tukanywa ile chai, yeye akiutazama ukuta na mimi nikiitazama sakafu, mpaka ikaisha.